Kabla Hujalivuta Trekta Lililozama: Mambo ya Kuzingatia

Likianza kuzama, toa mguu kwenye mafuta. Kila dereva wa huku Bonde la Kilombero analijua hilo na karibu wote tunalivunja, kwa sababu bado kuna ekari 3 za kumaliza na mwenye shamba amesimama kwenye tuta anatazama. Tairi likishateleza, kila mzunguko unachimba. Ukikaza dakika 2 zaidi tumbo linakaa chini, na hapo umekwisha.

Beba mabeleshi 2, panga, magunia matupu na vipande viwili vya mbao nene. Vitoke nyumbani asubuhi pamoja na dizeli, visiwe vitu vya kufuatwa na bodaboda saa tisa alasiri.

Jembe lifunguliwe kabla ya kitu kingine chochote. Pini zikiwa na kutu, hilo ni kosa la jana, lakini zigonge hivyo hivyo mpaka zitoke.

Halafu chimba upande wa nyuma, kule ulikotoka. Nyuma palishakubeba, mbele hupajui. Tena trekta likirudi kinyumenyume pua yake inakandamizwa chini, likikazwa kwenda mbele pua inataka kuinuka. Toa tope mbele na nyuma ya kila tairi, kisha chimba kamfereji maji yatoke na hewa iingie, maana mfinyanzi mweusi wa mbugani unanyonya tairi na hauachii kwa nguvu ya injini peke yake. Tandika mbao na magunia kwenye njia uliyochimba. Kikanyagio cha kufunga difu, kinachofanya matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, kikanyage matairi yakiwa yamesimama na usukani umenyooka, si wakati tairi moja linazunguka kama feni. Mara nyingi hapo linatoka lenyewe, na hakuna aliyeumia.

Kuhusu gogo. Nawajua watakaonicheka, kwa sababu kufunga gogo kwa cheni kwenye matairi ya nyuma ni ujuzi tunaorithishana, na nimeliona likifanya kazi mara nyingi. Usifanye. Gogo likigoma chini ya tairi, tairi haliwezi kuzunguka, lakini injini bado inasukuma. Basi kinachozunguka ni trekta lenyewe: pua juu, dereva chini.

Sasa drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho chini, nyuma ya trekta. Hapa naomba usome polepole.

Januari moja, trekta langu lilizama kwenye jaruba la mpunga, mwendo kidogo kutoka Ifakara. Shemeji yangu akaja na lake kunivuta. Lake halikuwa na drobaa. Aliing'oa mwanzo wa msimu kwa sababu inagongana na jembe la diski, na wengi tunafanya hivyo. Ilikuwa nyumbani imeegemezwa ukutani, kuku wanalala juu yake. Kuifuata ni saa nzima kwenda na kurudi, na wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa Udzungwa. Nikaitazama ile sehemu ya kufungia toplinki, ule mkono wa juu unaoshika jembe, juu kabisa nyuma ya kiti, nikaona chuma kile ni kinene. Nikapitisha cheni pale kwa mikono yangu. Nikamwambia, “Shemeji, kaza tu, haichukui dakika.”

Kweli haikuchukua. Cheni ilinyooka, matairi yake yakashika ardhi vizuri, yakakataa kuteleza, na pua ikaanza kunyanyuka. Nilidhani atakanyaga klachi. Nadhani na yeye alidhani hivyo. Wanaofundisha usalama wa mashambani wanasema trekta linalopinduka kwa nyuma linamaliza kazi kwa sekunde moja na nusu hivi, na dereva ana nusu tu ya muda huo kulizuia. Mguu wa binadamu aliyeshtuka hauna kasi hiyo. Lilisimama wima, likaendelea, likalala chali. Aliruka pembeni lakini goti likabaki chini ya ubawa wa tairi. Kilichomwokoa ni tope lile lile tulilokuwa tunalilaani, maana lilimpokea badala ya kumvunja kiuno. Tulichimba kwa mabeleshi, mimi, utingo na vijana waliokuja mbio kutoka majaruba ya jirani, yeye akituelekeza pa kuchimba kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele. Leo anatembea, anachechemea, na trekta hapandi. Dada yangu hajawahi kunilaumu kwa maneno.

Sababu yake ni hii. Cheni ikifungwa chini kwenye drobaa, pua ikiinuka kidogo drobaa nayo inashuka, na ile nguvu ya kupindua inapungua. Ikifungwa juu, au hata kwenye ekseli, mvuto unakuwa mkono mrefu unaolivuta trekta kichwa kwenda nyuma. Kwa hiyo kabla ya kukubali msaada wa mtu, zunguka nyuma ya trekta lake utazame. Hakuna drobaa, hakuna kuvuta. Mwache akasirike.

Cheni yenyewe iwe ndefu na isiwe na pete iliyounganishwa kwa boliti ya kuokota. Kamba ya nailoni inavutika kisha inakatika na kurudi kama fimbo, ikibeba chuma kilichofungwa mwishoni. Watazamaji wasogee mbali zaidi ya urefu wa cheni, na watoto waondoke kabisa. Trekta likizama kijiji kizima kinakuja, na wote wanataka kusimama pale pale katikati. Anayevuta aanze kwa gia ndogo, cheni ikiwa imeshanyooka. Asirudi nyuma ili ajirushe mbele. Mtoa ishara awe mmoja.

Likishatoka usikimbilie kumaliza ekari. Jaribu breki, zimejaa tope. Toa matope kwenye rejeta. Chomoa kijiti cha oili, na ukikuta rangi ya chai ya maziwa usiwashe, maji yameingia. Angalia pia oili ya gia. Na jua likizama kabla hujamaliza kuchimba, liache hapo hapo, watu wale, walale. Ila utingo mmoja alale karibu nalo na chandarua, maana betri na dizeli huku hazifikishi asubuhi peke yake.