Kutoka Tanga kwenda London mwezi Januari: mwongozo kwa mtu wa matangazo

Mtu wa Tanga anayealikwa London kwenye mkutano wa tasnia ya matangazo ya biashara huanza kufikiria atakachosema ukumbini na suti atakayovaa siku ya ufunguzi, ilhali kitakachoamua kama safari itamfaa ni miguu mikavu, usingizi wa kutosha na ratiba anayoielewa. Faida kubwa ya mikutano hii hupatikana kwenye foleni ya chai na mlangoni watu wanapoagana, na mtu anayetetemeka hawezi kusimama hapo akazungumza na mgeni kwa utulivu. Safari yangu ya kwanza nilivaa viatu vya ngozi vyenye soli nyembamba, vikalowa asubuhi ya kwanza, na jioni wenzetu wa mabango kutoka Ghana waliponialika chakula nilirudi hotelini kukausha soksi. Chakula kile nakijutia hadi leo.

Tuanze na viza, kwa kuwa ndiyo inayokula muda. Maombi ya viza ya mgeni ya Uingereza hujazwa mtandaoni, na hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya siku ya safari. Ukishayatuma utapangiwa siku ya kwenda Dar es Salaam kuchukuliwa picha na alama za vidole. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3, lakini mwisho wa Desemba una sikukuu, kwa hiyo mwenye mkutano wa katikati ya Januari na aombe kabla Novemba haijaisha. Ambatanisha barua ya mwaliko, uthibitisho wa usajili, taarifa za benki na barua ya mwajiri, au leseni ya biashara ikiwa wakala wa matangazo ni wako mwenyewe.

Baridi yenyewe haifanani na kipupwe chetu. Januari joto la London huwa takriban kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Theluji ni nadra, lakini mvua nyepesi na upepo huingia mahali popote palipoachwa wazi. Kosa la wengi ni kununua koti moja nene na kulitegemea kwa kila kitu, kisha kuingia ukumbini wenye joto la mitambo na kutokwa jasho ambalo baadaye, nje, hugeuka baridi kali mwilini. Vaa kwa tabaka: fulana ya ndani inayobana, shati, sweta, halafu koti lisilopitisha maji lenye kofia yake, kwa sababu mwavuli hupinduliwa na upepo. Makoti ya namna hiyo tafuta kwenye mitumba hapa hapa Tanga, ambako wanunuzi wake ni wachache kutokana na joto letu, na uangalie zipu na mishono kabla ya kulipa. Ukipata nafasi mwezi Juni au Julai, panda Lushoto ukalale siku mbili ukivaa nguo zile zile. Utajua mapema ni ipi inayokuwasha na ni kiatu gani kinachopitisha maji.

Ngozi hukauka na kupasuka upesi, hasa midomo na viganja. Anayebeba mafuta ya nazi ayatie kwenye kopo lenye mdomo mpana, maana huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chupa ya shingo nyembamba haitatoa hata tone.

Ratiba ya mkutano iandike upya kwa saa za Kiswahili kabla hujapanda ndege, kwa kuwa 9:00 ni saa tatu asubuhi na 16:00 ni saa kumi alasiri, na akili iliyochoka huchanganya hayo kwa urahisi. London wakati huo iko nyuma yetu kwa saa 3, hivyo utaamka usiku wa manane ukidhani ni alfajiri. Usiwashe simu, jilaze tu. Wateja wa nyumbani wapigie mapema: saa kumi na mbili asubuhi kule, Tanga ni saa tatu na maduka yameshafunguliwa.

Kwa Mwislamu kuna jambo linalohitaji mpango mahususi. Katikati ya Januari adhuhuri huingia baada tu ya saa sita mchana, alasiri mnamo saa nane, na magharibi kabla ya saa kumi na nusu, yaani sala tatu ndani ya muda wa takriban saa 4, zote katikati ya vikao. Waandikie waandaaji wiki kadhaa kabla ukiulizia chumba cha kusalia, na uchague mapema vikao utakavyotoka. Mkutano ukiwa ExCeL, ukumbi mkubwa wa mikutano na maonyesho ambao kituo chake ni Custom House kwenye reli ya Elizabeth, fahamu kwamba kituo cha Whitechapel kiko kwenye reli hiyo hiyo, na kutoka hapo msikiti mkubwa wa East London hauko mbali kwa miguu.

Usafiri hauna taabu. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014, kwa hiyo hakikisha benki imekufungulia kadi ya kugusa inayofanya kazi nje ya nchi. Magari hupita kushoto kama kwetu, na plagi ya pini tatu bapa uliyozoea nyumbani itaingia ukutani bila kifaa cha ziada.

Kuhusu kazi za kuonyesha, naomba sana usibebe picha za mabango yanayofanana na yao. Beba kanga. Mweleze mgeni kwamba jina la kanga, yale maneno machache yaliyo upande wa chini wa mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, huchaguliwa na mnunuzi ili limsemee mbele ya jirani au mume, na kwamba kanga nzuri yenye jina baya inaweza kubaki dukani. Mtu wa matangazo wa nchi yoyote atalielewa hilo papo hapo na atataka kuuliza zaidi.

Giza la mapema nalo litumie. Vikao vikiisha, nenda Piccadilly Circus, ambako matangazo ya taa yamekuwapo tangu 1908, usimame ng'ambo ya barabara na kuhesabu maneno ya kila tangazo na muda linaokaa. Kisha rudi hotelini, utoe kadi za biashara ulizopokea, na umwandikie kila mtu barua pepe usiku huo huo, ukitaja jambo mlilozungumza.