Ukiona kitu cha ajabu angani usiku hapa Mwanza fanya hivi

Kwanza tulia. Kama kina taa nyekundu na kijani pamoja na nyingine zinazowaka na kuzima ni ndege ya kawaida, fungua Flightradar24, app ya kufuatilia ndege, uicheki, ila za jeshi mara nyingi hazitokei humo. Kikienda kimya bila kupepesa halafu kikafifia hewani ni setilaiti imeingia kwenye kivuli cha dunia, na zikijipanga mstari kama shanga ni Starlink, setilaiti za intaneti. Zile za chini usawa wa maji ni taa za wavuvi wa dagaa jamani, mbalamwezi ikiwa kali huzioni.

Ila usimcheke anayeshuku, ndege ya kivita F-117 ya Marekani iliruka mara ya kwanza 1981 wakaja kuitangaza 1988, miaka 7 yote inaruka kwa siri! Kwa hiyo andika saa, upande na mlio kabla hujaposti.