Kutoka Kigoma Hadi Kusini mwa Unguja: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufunga Safari

Wengi wetu tukirudi Kigoma kutoka Unguja huwa na picha za Forodhani usiku na Nungwi jioni. Ni pazuri, sikatai. Lakini ukiwa na siku nne au tano, napenda uelekee Makunduchi, Jambiani na Kizimkazi, ambako watu bado wanapanga siku yao kwa kufuata bahari. Na bahari ndiyo ya kwanza kujiandaa nayo.

Sisi tumekulia kando ya ziwa. Maji unayoyaacha Kibirizi asubuhi utayakuta palepale jioni. Yakichafuka, ni upepo. Kule maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mara yangu ya kwanza Jambiani nilishuka pwani saa saba mchana nikitaka kuogelea, nikakuta mchanga mtupu karibu mpaka mwambani, kule mawimbi yanakopasukia. Nilikaa kivulini hadi alasiri ilipokwisha.

Kwa hiyo kabla hujapanga tarehe, tazama mwezi. Mbalamwezi ileile inayowapumzisha wavuvi wetu wa dagaa, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki, kule huleta bamvua: maji hujaa sana, kisha hukauka sana. Mwezi mwandamo nao ni hivyohivyo. Ukitaka kuwaona akina mama wakihudumia mwani, kilimo kilichoanza pwani hiyo mwaka 1989, nenda siku za bamvua maji yakiwa yametoka. Wapo kazini, basi salimia kwanza na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Kama unataka kuogelea tu, chagua siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kila siku mwulize mwenyeji saa za maji, maana husogea mbele kwa karibu saa nzima. Vaa yeboyebo, kwani miambani kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Usiende mbali peke yako: maji yakirudi hujaza kwanza mabonde uliyoyaacha nyuma.

Safari yenyewe ni ndefu. Treni ya abiria haiondoki Kigoma kila siku, kwa hiyo ulizia ratiba mapema. Wengine hushuka Dodoma na kuchukua treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Boti ya kwenda Unguja huchukua kama saa mbili. Beba kitambulisho cha taifa. Utakihitaji kwenye tiketi, na pia kwenye msitu wa Jozani, ambako Mtanzania hulipa kiingilio cha chini. Pita hapo hata kama umezoea sokwe wa Gombe. Kima punju hawapatikani porini popote nje ya visiwa vya Zanzibar. Pesa taslimu chukua mjini.

Kuhusu msimu, epuka masika, Machi hadi Mei. Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, huko Makunduchi, wanaume wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto. Vyumba hujaa, kwa hiyo weka nafasi mapema. Ramadhani vijiji ni vitulivu kuliko wakati wowote, ila mchana hakuna kula wala kunywa hadharani. Mimi naupenda mwezi huo kwa futari yake, lakini usimpeleke mtu asiyejua anakokwenda.

Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Weka kanga au shati la mikono mirefu kwenye begi, hasa ukienda msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107. Omba ruhusa kwanza. Ukilala nyumbani kwa mtu, mwombe mwenyeji akufikishe kwa sheha, kama unavyojitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa huku kwetu.

Mtu wa Ujiji hatajiona mgeni sana. Misafara ya Unguja ilifika kwetu ikiacha lugha, dini na miembe, na iliondoka na watu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Pita mahali lilipokuwa, pale mjini, siku ya kwanza, kabla ya kushuka kusini.

Zawadi? Dagaa wa Kigoma. Wenyeji wangu waliwafurahia kuliko chochote nilichowahi kuwapelekea. Chagua waliokauka kabisa, uwafunge kwenye ndoo yenye mfuniko, maana ndani ya boti mtakaa wengi.