Kutunza Michoro Aliyoiacha Mwenza Wako

Kabla hujagusa chochote, piga picha mahali alipokuwa akichorea, pakiwa vilevile alivyopaacha: meza, brashi kwenye kopo, kazi iliyoishia nusu. Kitambaa alichofutia rangi usikitupe kwa haraka, maana alama za vidole vyake zimo humo. Ila ukikuta kimelowa mafuta ya kitani, usikikunje wala kukitia mfukoni. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandaze nje hadi kikauke na kukakamaa.

Ndugu watakaokuja kukusaidia kupanga vitu watauliza kipi kitupwe. Wajibu kwamba kwa sasa hakuna. Miezi ya kwanza ya msiba si wakati wa kuamua, na rasimu inayoonekana takataka leo huenda ndiyo iliyozaa ile picha kubwa ya sebuleni.

Kisha fungua daftari, kila kazi uipe namba. Iandike namba hiyo nyuma ya karatasi, pembeni, kwa penseli laini ya 2B bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele. Ukikandamiza penseli, mkwaruzo huonekana upande wa pili. Kwa kanvasi, andika kwenye ubao wa fremu yake, si kwenye kitambaa. Daftarini weka kimo na upana kwa sentimita, aina ya rangi, tarehe kama ipo, na kila neno lililoandikwa nyuma, hata kama ni hesabu ya sokoni. Picha isiyo na sahihi iache bila sahihi. Usimtilie wewe, hata kama unauweza mwandiko wake.

Kinachoharibu michoro mingi ni upendo wenye haraka. Mtu huona karatasi imechanika, akaiunga kwa selotepu. Baada ya miaka gundi hugeuka njano, ikaingia ndani ya karatasi, na kuitoa ni kazi ya fundi. Mwingine hufuta vumbi kwa kitambaa kibichi, rangi za maji zikayeyuka papo hapo. Brashi laini na kavu inatosha, na hata hiyo isiguse michoro ya mkaa wala ya pasteli (chaki za rangi), kwa kuwa unga wake hauna kinachoushika. Kazi hizo zilaze, juu yake uweke karatasi laini isiyo na asidi, na usizisugue. Gazeti halifai: lina asidi na litaacha doa. Kanvasi zisimamishe wima, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma, kadibodi katikati. Plastiki yenye mapovu isigusane na rangi ya akriliki. Kwenye joto rangi hiyo hulainika na kubaki na alama za mapovu.

Chumba kisiwe na joto la kupanda na kushuka. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 55 unafaa. Ukizidi 65 kwa muda mrefu, kuvu huota. Ukiona madoa yenye manyoya, itenge kazi hiyo, vaa barakoa, iache ikauke kwenye hewa inayopita, isipigwe na jua. Kuvu bichi ukilifuta, unalipaka zaidi.

Kutundika ni haki yako, lakini si zote kwa pamoja. Mwanga hula rangi kidogo kidogo, na iliyopauka hairudi. Chagua moja au mbili za karatasi, uzibadilishe kila baada ya miezi 3 au 4, mbali na dirisha, jiko na bafu. Kioo kisiguse mchoro: mwambie fundi wa fremu aache nafasi kwa kuzungushia kadibodi isiyo na asidi. Bila nafasi hiyo, unyevu hugandisha karatasi kwenye kioo.

Nakala za picha hupatikana vizuri siku ya mawingu, karibu na dirisha, bila flashi, kamera ikiwa sambamba kabisa na mchoro. Ukiiinamisha, pembe nne zitakuwa za uongo. Daftari zake za rasimu usizichane kurasa ili kuzigawa. Ziskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), michoro midogo kwa 600, kila mtoto apate nakala ya zote. Hifadhi mafaili sehemu 3, moja nje ya nyumba.

Hakimiliki nayo ni sehemu ya mirathi. Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, unailinda kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha msanii, na nchi nyingi zimefikisha 70. Aliyenunua picha kwa kawaida amenunua picha tu. Hakimiliki hubaki kwa warithi isipokuwa marehemu aliihamisha kwa maandishi. Kwa hiyo usione haya kuwaomba wanunuzi wakutumie picha za kazi walizonazo, ukazitia daftarini.

Kazi iliyoishia nusu iache nusu. Mstari wa penseli usiofunikwa na rangi unaonyesha alivyokuwa akianza, jambo ambalo kazi zilizokamilika huwa zimelificha.

Sura zilizochorwa ambazo huzitambui, wapelekee wazee na rafiki zake nakala mapema. Wakikutajia jina, liandike mbele ya namba, pamoja na jina la aliyekuambia na tarehe.