Kabla hujaenda kupimwa moyo wa kijusi kwa ultrasaundi: mambo ya kuzingatia

Anza na tarehe. Andika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na kama mzunguko wako haueleweki, sema hivyo bila kukisia. Kipimo cha mapema hufanywa mimba ikiwa na wiki 11 hadi wiki 13 na siku 6, kijusi kikiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84 kutoka utosini hadi matakoni. Ukiwahi, tuseme wiki ya 8, utaoneshwa moyo ukidunda. Ni furaha kuuona, lakini kudunda ni jambo moja na kuumbika vizuri ni jingine: hata moyo wenye kasoro kubwa unaweza kudunda kwa mwendo wa kawaida. Na usishtushwe na mapigo 160 kwa dakika. Kwa umri huo ndivyo ulivyo.

Historia ya familia ndiyo watu huijibu kwa haraka mno. Ukiulizwa kama kuna aliyezaliwa na tatizo la moyo, "hakuna" hutoka mdomoni kabla hujafikiri. Waulize wazee mapema, upande wako na upande wa baba wa mtoto, hasa kuhusu wazazi wenyewe na watoto mliokwisha kuwapata. Kisha orodhesha magonjwa na dawa: kisukari kilichokuwapo kabla ya mimba, lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), dawa za kifafa, lithiamu ya ugonjwa wa akili, isotretinoini ya chunusi. Dawa ya kifafa au lithiamu usiiache mwenyewe kwa hofu; mpigie daktari wako, kwa sababu degedege au ugonjwa wa akili ukirudi nao unahatarisha mimba. Isotretinoini, kinyume chake, huachwa mara moja na daktari huarifiwa siku hiyohiyo. Taja pia kama mimba ilitungwa maabara kisha ikapandikizwa, au kama ni mapacha wanaotumia kondo moja. Hata hivyo, watoto wengi wenye kasoro za moyo huzaliwa na mama wasio na lolote kati ya hayo, ndiyo maana "sina historia" si sababu ya kuruka kipimo.

Siku yenyewe haina mengi. Vaa nguo ya vipande viwili, na uliza mapema kuhusu kibofu: wanaopima juu ya tumbo wakati mwingine hutaka kiwe na mkojo kiasi, wanaopitia ukeni hutaka kiwe kitupu. Njia ya ukeni huonesha vizuri zaidi wakati mwingine, lakini haki ya kukataa unayo. Tenga muda wa kutosha. Moyo wenyewe ni mdogo kuliko punje ya haragwe, na mtoto akikupa mgongo utaambiwa utembeetembee kidogo urudi.

Jiandae zaidi kwa majibu, nayo yako matatu, si mawili: sawa, kuna tatizo, au haukuonekana vizuri. Hili la tatu huwatia watu kiwewe bure; mara nyingi maana yake ni mkao wa mtoto au unene wa ukuta wa tumbo. Uliza waziwazi: vyumba vinne vimeonekana? Mishipa mikuu miwili inayotoka moyoni je? Maji ya nyuma ya shingo ya mtoto yana unene wa milimita ngapi? Yakifika 3.5 au zaidi, kwa kawaida mama hupelekwa kwa mtaalamu wa moyo wa watoto walio tumboni, hata kama moyo umeonekana sawa.

Na ukiambiwa "sawa", chukua kabisa miadi ya wiki ya 18 hadi 22. Kasoro nyingine hujitokeza kadiri mimba inavyokua, na matundu madogo kati ya vyumba vya chini hupita bila kuonekana. Lipo pia tundu kati ya vyumba vya juu ambalo kila kijusi huwa nalo ili damu ipite bila kwenda mapafuni. Kama litaziba au la, hujulikana mtoto akishazaliwa.