Ithibati ya Chuo Siyo Ithibati ya Programu: Mtego Ulioninasa Marekani

Nilihitimu katika chuo kikuu kikubwa cha umma nchini Marekani, nikaomba leseni ya uhandisi kwenye bodi ya jimbo, nikajibiwa kwa barua ya mistari minne kwamba shahada yangu haikidhi masharti. Chuo kilikuwa na ithibati kamili. Kilichoniponza ni neno moja: nilisoma Teknolojia ya Uhandisi wa Umeme, nikidhani ni Uhandisi wa Umeme kwa jina refu zaidi.

Baba yangu mdogo, niliyemwomba ushauri kabla ya kujiunga, aliniambia kuwa chuo cha serikali hakiwezi kukosa ithibati. Simlaumu, kwa sababu alikuwa anafikiria TCU, tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu vya Tanzania. Lakini wazee wetu wapendwa, Wizara ya Elimu ya Marekani haitoi ithibati kwa chuo chochote; kazi yake ni kuyatambua mashirika yasiyo ya serikali yanayoitoa, kama vile Higher Learning Commission, na mashirika hayo hukagua chuo kizima: uongozi, fedha, ubora wa ufundishaji. Hayathibitishi kwamba kila shahada inayotolewa humo itakufikisha kwenye leseni. Programu moja moja hukaguliwa na vyombo vya fani: ABET kwa uhandisi, CCNE au ACEN kwa uuguzi, CEPH kwa afya ya jamii.

Hata ukiliona jina la ABET, usishangilie bado. Ndani yake kuna tume ya uhandisi na tume nyingine ya teknolojia ya uhandisi, na programu yangu ilikuwa imepitishwa na hiyo ya pili. Baadhi ya majimbo humdai mhitimu wa namna yangu miaka zaidi ya uzoefu kazini, na mengine hayampokei kabisa. Narudia: soma jina la tume, usiishie kwenye jina la ABET.

Orodha ya ABET iko wazi mtandaoni bila malipo. Andika jina la chuo, kisha linganisha jina la shahada neno kwa neno na lile lililo kwenye barua yako ya udahili; angalia kampasi, kwa maana tawi la chuo hichohicho laweza kuwa halimo; halafu angalia tarehe ithibati ilipoanza. Programu mpya haipewi ithibati kabla haijatoa angalau mhitimu mmoja, kwa hiyo wanaotangulia huingia kwa imani tu.

Nilipokiandikia chuo barua pepe kuuliza kama kina ithibati, walijibu ndiyo, na hawakusema uongo. Wamarekani, kwa nilivyowaona, hujibu swali uliloliuliza na kuishia hapo. Lile ambalo ungepaswa kuliuliza hawalioni kuwa jukumu lao, na mgeni anayengoja kuongozwa kwa hisani ataumia. Kwa hiyo waulize hivi, kwa maandishi: "Je, shahada hii, katika kampasi hii, imepitishwa na tume ya uhandisi ya ABET, na bodi ya jimbo hili huikubali kwa leseni?" Kisha iulize bodi yenyewe swali hilohilo, kabla hujalipa ada ya muhula wa kwanza.