Kumtafutia mzazi kijijini simu ya kukunja iliyo imara (kwa sisi wa Mtwara na Lindi)

Kama una mama au babu huko Newala, Liwale au Tandahimba na anachotaka ni kupiga, kupokea na kuona kama hela imeingia, usimsumbue na simu ya tachi. Mtafutie simu ya kukunja, ile ya mfuniko. Akifunua anaongea, akifunga imekata, hakuna kuhangaika kutafuta alama nyekundu kwenye kioo, hakuna simu kujipigia mfukoni mpaka salio linaisha, af kioo na batani vinakaa ndani kwaio havikwaruzwi ovyo na sarafu na funguo. Shida ni moja, madukani zimejaa za hovyo, kwa nje zinang'aa kweli ila ukishaipeleka kijijini mfuniko unalegea mapema na huko fundi hayupo, inabidi isafiri na mtu kwenye basi mpaka Masasi au Mtwara mjini. Kwaio haya ni ya kuangalia ukiwa palepale kaunta hujatoa hela bado.

Usianze na boksi, usianze na kamera wala memori. Anza na bawaba, mana simu ya kukunja ikianza kufa mara nyingi inaanzia hapo. Ndani ya hio bawaba kunapita mkanda mwembamba, mafundi wanauita fleksi, ndo unaopeleka picha kwenye kioo na sauti kwenye spika ya sikioni kutoka kwenye mtambo ulioko chini upande wa batani, na kila mtu akifunua simu mkanda unajikunja nao. Bawaba ikiwa mbovu inaubana au inauchubua mkanda, siku moja mzee anasikia nusu nusu, wiki inayofata kioo cheupe.

Ishike nusu ya chini kwa mkono mmoja, ifunue polepole kwa mwingine. Mwanzo inatakiwa ikaze kidogo, ikivuka katikati imalizie yenyewe na igote, utasikia "tap" moja safi. Ikibaki inaning'inia popote unapoiachia, irudishe. Ikiwa imefunuka, shika mfuniko na vidole viwili uucheze kushoto kulia taratibu, bila kutumia nguvu. Kuchezacheza kidogo sana ni kawaida, ila ukisikia inakwaruza au inalia kama plastiki inataka kukatika, hio achana nayo. Af ifunge uitazame kwa ubavuni kwenye mwanga, mwanya kati ya mfuniko na chini uwe sawa pande zote, ukiona kona moja imeinuka ujue imefungwa vibaya au ishafunguliwa na fundi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki. Weka laini yako, piga 100 huduma kwa wateja, na wakati yule dada wa rekodi anaongea wewe uwe unasogeza mfuniko pole pole mbele na nyuma bila kuufunga (ukiufunga itakata). Sauti ikikatikakatika ukifika pembe fulani, au kioo kikipepesa, fleksi imechoka au haijakaa sawa, na haijalishi simu ni mpya kwenye nailoni yake. Kwa simu ya mtumba kipimo hiki ni lazima kabisa. Muuzaji akikwambia "hairuhusiwi kuweka laini", mshukuru, nenda duka la pili.

Ukishamaliza hapo njoo kwenye batani. Watu wanabonyeza moja mbili tatu wanaridhika, kumbe mzee wetu atakachobonyeza kila siku ni nyota na reli, mana huduma za hela zote zinaanzia hapo. Andika *150*00# ya M-Pesa yote mpaka mwisho, kama laini yako ni mtandao mwingine tumia namba yao, ingia mpaka kwenye kuangalia salio. Angalia kila batani inakubali kwa mbonyezo mmoja na haiandiki mara mbili. Hili sio dogo, menyu ya hela ukichelewa inajifunga yenyewe, sasa bibi mwenye vidole vigumu akipewa batani za kusukuma mara tatu tatu kila siku atafika kwenye namba ya siri na menyu ishaondoka, mwisho anampa simu kijana wa jirani amsaidie na namba ya siri anamtajia. Hapo ndo hela zinapopotelea. Papasa pia batani ya 5 kwa kidole huku umefumba macho, iwe na kinundu unachokisikia, kinamsaidia asieona vizuri kujua yuko wapi.

Kuhusu feki. Bonyeza *#06# itakuletea namba ya IMEI, yani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15. Toa betri uangalie ile iliyoandikwa ndani, angalia na ya kwenye boksi, zote zifanane, na kama simu ni ya laini mbili utaona namba mbili. Af itume kwa meseji kwenda 15090, ni bure, utajibiwa simu hio inatambulika kama aina gani na toleo gani. Ukijibiwa jina lingine tofauti na lililopo kwenye mfuniko basi ulichoshika sio kinachoitwa hivo. Wanaokumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivozima simu feki nchi nzima wanajua kwanini nasisitiza, watu walilala wana simu wakaamka hawana.

Aina gani sasa. Kama hela inaruhusu na ukaipata ya halali, Nokia 2660 Flip iliyotoka 2022 kwangu mimi ndo inafaa zaidi kwa mzee. Ina kioo cha ndani cha inchi 2.8 chenye maandishi makubwa, kuna kioo kidogo nje kinachoonesha nani anapiga kabla hajafunua, betri inatoka, inashika 4G, na ubavuni kuna kitufe cha dharura ambacho unakiwekea namba za watu wa karibu. Nokia 2720 Flip ya 2019 nayo nzuri, ila mtu asikuuzie bei ya juu kwa sababu "ina WhatsApp", WhatsApp walishaacha kuhudumia simu za aina hio. Hizi mbili ndo zinazoigwa sana, kwaio 15090 usiiruke hata kama duka lina mabango.

Na wenye ndugu Marekani wanaotaka kutuma simu ya kukunja kutoka huko, muwaulize kwanza kama haijafungwa kwa kampuni moja. Wenzetu kule walishazima mitandao ya 3G mwaka 2022, hivo simu nyingi za sasa zimetengenezwa kwa masafa na mfumo wao wa sauti, inaweza kufika hapa ikawaka vizuri na kupiga isipige. Hapa kwetu 2G bado ipo na vijiji vingi ndo wanaongelea hio, simu lazima iwe na GSM 900 na 1800, hio imeandikwa kwenye boksi.

Betri, usidanganyike na namba kubwa. Betri nyembamba nyepesi imeandikwa 5000 ni uongo mtupu, hio Nokia 2660 yenyewe ni 1450 na inakaa vizuri tu kwa mtu wa kupiga na kupokea. Kama unachukua ya bei nafuu basi chagua inayotumia betri aina ya BL-5C, mana hio utaipata mpaka kwenye kibanda cha vocha.

Kabla hujaipeleka, hamisha majina yaingie kwenye laini yenyewe, weka mlio wa juu kabisa, washa ile ya kupokea ukifunua, na namba ya kila mtoto iweke kwenye batani yake moja ya kushikilia. Kama laini yake ilishakatwa ndogo ya simu ya tachi, nunua na adapta, mana nyingi za kukunja za bei rahisi zina tundu kubwa. Kwa wanaoishi karibu na mto Ruvuma, upande wa Kitaya na Mahurunga, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uchague mwenyewe mtandao wa hapa badala ya kuiacha ijichagulie, isije ikadaka minara ya Msumbiji.

Af kuna salfa. Mzee akienda kupuliza mikorosho simu asiende nayo mfukoni, salfa ni unga mwembamba sana, unaingia kwenye bawaba na chini ya batani, na ikichanganyika na jasho inakula shaba ya ndani. Iachwe nyumbani au ifungwe kwenye mfuko wa nailoni mara mbili. Kwa wa pwani, Mikindani, Kilwa, Lindi mjini, adui ni chumvi, toa betri mara moja moja ufute zile pini kwa kitambaa kikavu, ukiona ukijani umeanza mpelekee fundi asafishe kwa spiriti mapema, gharama yake ni ndogo kuliko kuja kubadilisha mtambo wote.